Lakabu na Ukweli wa Kauli

Katika vyumba vya walimu na katika mikutano ya wazazi husikika mara kwa mara hoja ya namna hii: kwamba uongo, matusi na utapeli uliozagaa katika mtandao wa intaneti una chanzo kimoja, nacho ni majina ya kupanga. Mtu aliyejificha nyuma ya lakabu, husemwa, hana haya wala hofu. Mvue lakabu yake, mlazimishe kutumia jina lililo katika cheti chake cha kuzaliwa, naye atasema kweli. Hoja hii inavutia kwa sababu ni fupi, na dawa yake ni rahisi kuiandika. Lakini kwa wale ambao kazi yao ni kufundisha na kujifunza sayansi, hoja hupimwa kwanza ndipo ikubaliwe. Nayo hii ikipimwa, hupwaya.

Mfano wa kwanza uko shuleni penyewe. Mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Tanzania haandiki jina lake katika kijitabu cha majibu. Kila ukurasa huandikwa namba ya mtahiniwa, na msahihishaji hajui kama mwenye namba hiyo ni mtoto wa mkuu wa mkoa au wa mchunga mbuzi, mvulana au msichana, mcha Mungu au mtukutu. Jina limeondolewa kwa makusudi, ili kinachobaki mbele ya msahihishaji kiwe ni jibu tupu. Hata hivyo namba ile haielei hewani. Baraza la Mitihani lina orodha inayoonyesha namba fulani ni ya nani, na mtahiniwa aliyeingia na karatasi za kuibia hutafutwa kwa orodha hiyo na kupatikana. Basi jina limefichwa kwa yule anayeihukumu kazi, lakini linajulikana kwa mwenye daftari. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala wote, nayo ndiyo isahauliwayo upesi pale watu wanapokasirishwa na matusi ya mtandaoni.

Wala lakabu si jambo geni lililoletwa na kompyuta. Ahmad Nassir Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana kwa wapenzi wa ushairi kwa jina la Malenga wa Mvita, na diwani yake iliyochapwa mwaka 1971 ilibeba jina hilohilo. Washairi wengi waliopeleka tungo zao magazetini walitia sahihi kwa lakabu. Msomaji alimfuatilia mwenye lakabu toleo baada ya toleo, akamzoea, akamjibu kwa beti, akamkosoa vina na mizani. Mtunzi aliyezidiwa katika malumbano hakuweza kujitoa kwa kusema kwamba lile si jina lake la kuzaliwa. Aibu iliiangukia lakabu, na mwenyewe aliivaa lakabu hiyo wiki iliyofuata. Jina la kupanga likidumu miaka mingi mahali pamoja hupata historia, na historia hiyo humfunga mwenye jina kama vile ukoo unavyomfunga mtu kijijini.

Sayansi nayo imejaa majina ya namna hiyo. Mwaka 1908 jarida la Biometrika la Uingereza lilichapisha makala juu ya namna ya kukadiria kosa la wastani pale ambapo vipimo vilivyochukuliwa ni vichache. Mwandishi alijiita Student, yaani Mwanafunzi. Jina lake halisi lilikuwa William Sealy Gosset, aliyezaliwa mwaka 1876 na kusoma kemia na hisabati huko Oxford, kisha akaajiriwa mwaka 1899 na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Kiwanda hakikutaka wafanyakazi wake wachapishe mambo kwa majina yao, kwa kuchelea siri za kazi kuwafikia washindani. Ndipo Gosset akapewa ruhusa ya kuandika kwa sharti kwamba jina lake lisionekane.

Tatizo lililomsumbua linaeleweka na mwalimu yeyote wa kilimo. Hisabati ya takwimu ya siku zile ilihitaji vipimo vingi, mamia kwa mamia, lakini mtu anayejaribu aina mbili za shayiri huenda ana mashamba manne au matano tu ya majaribio. Je, tofauti ya mavuno aliyoiona ni ya kweli au imetokea kwa bahati? Ili kujihakikishia hesabu zake, Gosset alichukua vipimo vya wahalifu 3,000 vilivyokuwa vimekwisha kuchapishwa, vikionyesha urefu wa mwili na wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Aliviandika kimoja kimoja katika vipande vya karatasi ngumu, akavichanganya vizuri kama karata, kisha akavigawa katika mafungu 750 ya vipande vinne vinne na kukokotoa wastani wa kila fungu. Matokeo yalilingana vyema na hesabu yake. Shule yoyote yaweza kulirudia jaribio hili kwa vipande vya boksi na urefu wa wanafunzi wake. Nalo lafundisha zaidi ya kurasa kumi za maelezo.

Kutokana na kazi hiyo, ambayo R. A. Fisher aliiendeleza baadaye, kimepatikana kipimo cha t, ambacho leo hutumiwa na kila anayelinganisha mbolea mbili au dawa mbili. Hadi leo vitabu hukiita kipimo cha Student. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na hesabu ile haijaharibika hata kidogo kwa sababu ya jina lililobandikwa juu yake. Lakini hapa tena yafaa ikumbukwe kwamba Karl Pearson, mhariri wa jarida, alimjua Student ni nani, kwani Gosset alikwisha kufanya kazi katika maabara yake huko London mwaka 1906 na 1907. Daftari lilikuwapo.

Wako waliojificha kwa sababu chungu zaidi. Sophie Germain alizaliwa Paris mwaka 1776. Shule kuu ya ufundi na hisabati ya École Polytechnique ilipofunguliwa mwaka 1794 haikupokea wanawake. Germain alijipatia maandishi ya mihadhara, akajisomea nyumbani, kisha akampelekea profesa Lagrange kazi yake kwa jina la bwana mmoja, Le Blanc. Lagrange alivutiwa, akataka kumwona mwanafunzi huyo, na siri ikafichuka. Kwa bahati njema Lagrange hakuwa mtu wa kudharau. Kuanzia mwaka 1804 Germain alimwandikia Mjerumani Gauss, gwiji wa hisabati wa wakati ule, kwa jina lilelile la Le Blanc. Majeshi ya Ufaransa yalipovamia nchi za Kijerumani mwaka 1806, alimwomba jemadari mmoja rafiki wa familia yake amlinde Gauss asidhurike. Gauss alishangaa kusikia kwamba anaokolewa kwa hisani ya mwanamke asiyemjua. Mwaka 1807 alipoelezwa kwamba mwanamke huyo na Le Blanc ni mtu mmoja, alimwandikia barua ya sifa ambazo nadra mtu yule kumpa mwanahisabati yeyote. Mwaka 1816 Germain alipata tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kwa utafiti wake juu ya mitetemo ya bamba, na safari hiyo kwa jina lake mwenyewe.

Mpenda sheria atauliza: je, huyu hakudanganya? Alidanganya, lakini juu ya jambo ambalo hakustahili kuulizwa. Ubora wa uthibitisho wa hisabati hautegemei kama mwandishi huvaa suruali au gauni. Germain hakumwambia Gauss, "Niamini kwa kuwa mimi ni Le Blanc." Alimpelekea hatua za hoja, moja baada ya nyingine, na Gauss alikuwa na akili ya kuzikagua mwenyewe. Wasichana wangapi walioandika barua kama zile kwa majina yao halisi hawakujibiwa, hakuna daftari linaloonyesha.

Wafaransa hao hao walifika mbali zaidi katika karne ya ishirini. Kikundi cha wanahisabati vijana, miongoni mwao André Weil, Henri Cartan na Jean Dieudonné, kilianza katika miaka ya 1930 kuandika vitabu kwa jina la mtu mmoja asiyekuwapo duniani, Nicolas Bourbaki. Mwanafunzi anayeandika alama Ø kwa seti tupu anaandika alama iliyoenezwa na Bourbaki. Ni mzaha, ndiyo, lakini mzaha uliokuwa na nidhamu: kila ukurasa ulisomwa kwa sauti, ukabishaniwa na kuandikwa upya mara nyingi, na hapakuwa na mmoja wa kujivunia kazi ya wote.

Mfano ulio karibu zaidi na mtandao ni wa mwaka 2011. Katika uwanja mmoja wa mazungumzo uitwao 4chan, ambao wageni wake hawaandiki hata lakabu na ambao kwa kweli una sifa mbaya kwa matusi na upuuzi, mtu aliuliza swali juu ya mfululizo wa katuni za Kijapani wenye sehemu 14. Ikiwa mtu anataka kuzitazama sehemu hizo kwa kila mpangilio uwezekanao, je, atazame sehemu ngapi kwa uchache? Swali si la mchezo kama linavyoonekana. Kwa vitu vitatu jibu ni 9: katika mfuatano 123121321 msomaji atakuta mipangilio yote sita ya 1, 2 na 3, ikikumbatiana. Kwa vitu 14 jambo huwa gumu mno. Mgeni mmoja asiye na jina aliandika uthibitisho kwamba haiwezekani kupungua chini ya 93,884,313,611. Uthibitisho huo ulikaa miaka saba bila kutambuliwa na wataalamu wengi. Mwaka 2018 wanahisabati waliugundua, wakaukagua hatua kwa hatua, wakauona ni sahihi, wakauandika upya kwa utaratibu wa kitaaluma. Mahali pa jina la mwandishi wa kwanza waliandika tu kwamba ni mchangiaji wa 4chan asiyejulikana. Hapo hapakuwa na daftari wala orodha ya mahali popote, na bado kweli ilikuwa kweli. Hisabati ina baraka hiyo: ushahidi wake wote umo ndani ya karatasi.

Mambo mengi ya dunia, hata hivyo, hayana baraka hiyo, na ni hapo ambapo wale wanaolalamikia lakabu wana haki ya kusikilizwa. Katika kamusi elezo ya Wikipedia alikuwapo mchangiaji mwenye lakabu ya Essjay. Alijitambulisha kuwa profesa wa chuo kikuu mwenye shahada ya uzamivu katika elimu ya dini, na mwaka 2006 gazeti maarufu la New York lilimwandika hivyo. Mwaka 1907 wasomaji wangesubiri muda mrefu kuujua ukweli. Mwaka 2007 ulijitokeza upesi, kwamba alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada hiyo. Essjay akajiuzulu. Yafaa kuangalia kosa lake lilikuwa lipi. Maelfu ya wachangiaji wa Wikipedia hutumia lakabu, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Kosa lilikuwa kwamba katika mabishano juu ya makala aliutumia uprofesa wa uongo kama uzito wa kutia katika mizani. Kwa maneno mengine, alisema, "Niamini kwa kuwa mimi ni fulani," naye hakuwa fulani.

Kisa kibaya zaidi kilitokea Marekani mwaka 2020. Katika mtandao wa Twitter ilikuwapo akaunti ya mtu aliyejieleza kuwa mwanaanthropolojia wa chuo kikuu kimoja cha Arizona, mzaliwa wa kabila la wenyeji wa Marekani. Wanasayansi wengi walimzoea. Ikatangazwa kwamba amefariki kwa UVIKO-19, na wenzake wakaomboleza. Chuo kilipoulizwa, hakikumjua. Mtu huyo hakuwahi kuwapo. Alikuwa ametungwa na mwanasayansi mwingine, ambaye alikiri na kuomba radhi. Huyu hakuficha jina tu. Aliazima mateso ya watu wengine, akayavaa, akakusanya huruma ambayo si yake. Waliochezewa hasa ni wale wenyeji halisi, wachache katika vyuo vikuu, ambao baadaye walipotaka kusema habari zao walitazamwa kwa mashaka.

Basi kipimo kinachofaa si kuuliza kama jina ni la cheti au la kupanga. Ni kuuliza kauli imesimama juu ya nini. Kauli iliyosimama juu ya ushahidi ambao msomaji aweza kuukagua, kama hesabu ya Student au barua za Germain, haihitaji jina. Kauli iliyosimama juu ya nafsi ya msemaji, kama vile "mimi ni daktari, meza vidonge hivi", au "mimi niliona kwa macho yangu", haina miguu mingine. Nafsi hiyo ikiwa ya uongo, kauli yote huanguka. Mtu anayeshauri juu ya dozi ya dawa ya malaria hana haki ya kujiita Simba wa Nyika. Pia anayesifu mbegu fulani za mahindi yampasa aseme kama analipwa na mwuzaji wa mbegu hizo, hata kama hesabu zake ni safi.

Sheria ya kulazimisha majina halisi kwa watu wote imekwisha kujaribiwa. Korea Kusini iliweka sheria mwaka 2007 iliyotaka watumiaji wa tovuti kubwa wathibitishe utambulisho wao kabla ya kuandika maoni. Makampuni yakalazimika kuhifadhi namba za vitambulisho vya mamilioni ya watu, na mahali palipo na asali nyuki hawakosi: mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 kutoka kampuni moja, katika nchi yenye watu kama milioni 50. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliifuta sheria, ikieleza kwamba hapakuwa na dalili ya wazi kuwa maandishi haramu yalikuwa yamepungua. Nchini Tanzania nako laini za simu zilitakiwa zisajiliwe kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 zisizosajiliwa zikazimwa. Hatua hiyo ina faida zake. Lakini ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haukukoma, maana tapeli hutumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Jina halisi, tena lenye alama ya kidole, nalo hugeuka lakabu mikononi mwa mwongo.

Kwa upande mwingine, elimu ya kompyuta imetoa njia ya kuithibitisha lakabu bila kulifichua jina. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la funguo mbili zinazokwenda pamoja: mmoja wa siri, ambao mwenyewe huuhifadhi, na mwingine wa wazi, ambao hugawiwa kwa watu wote. Maandishi yaliyotiwa sahihi kwa ufunguo wa siri yaweza kukaguliwa na yeyote mwenye ufunguo wa wazi, wala sahihi hiyo haighushiki kwa urahisi. Mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto alitangaza mpango wa fedha ya bitcoin mwezi Oktoba 2008, kisha akatoweka. Mtu mmoja kutoka Australia alidai kwa miaka mingi kwamba ndiye yeye. Angeweza kumaliza ubishi kwa dakika chache kwa kutia sahihi kwa funguo za mwanzo za Satoshi mbele ya watu wote. Badala yake alileta nyaraka, na Machi 2024 Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba siye. Nyaraka zake nyingi zilikuwa za kughushi. Hivyo lakabu yaweza kuwa na ulinzi imara kuliko majina mengi ya kuzaliwa.

Shuleni mambo haya hayahitaji mitambo. Klabu ya sayansi inayopokea maswali na majaribio ya wanafunzi yaweza kuwapa wanachama wake ruhusa ya kuandika kwa lakabu, kila mmoja moja na ya kudumu mwaka mzima, mwalimu mlezi akiwa na daftari lililofungiwa kabatini. Msichana wa kidato cha pili asiyethubutu kunyosha kidole mbele ya wavulana wa kidato cha nne ataweza kuwauliza kwa nini hesabu yao ya msuguano imesahau uzito wa kamba, nao itawabidi wamjibu kwa hesabu. Anayetukana ataitwa na mlezi, kwa jina lake kamili. Na yeyote atakayeanza jibu lake kwa kutaja cheo, darasa au jina la baba yake atarudishiwa karatasi aonyeshe kwanza vipimo vyake.